Uso wa Mzee Anaeli

Nimeona nyuso nyingi zikiagizwa, na bado sijampata mteja hata mmoja aliyeagiza uso wa mtu mwema. Wanaagiza pua ya msanii, taya la waziri mstaafu, macho ya mwanamke aliyewakataa ujanani. Wanakuja hapa kwenye kituo chetu Moshi wamevaa nguo za kanisani, wanakaa kwenye makochi yetu meupe, wanampangia sura mtoto ambaye hata shingo bado hajaota. Mimi huwasikiliza nimekunja mikono. Kazi yangu ni misuli. Wachoraji hupanga mifupa na ngozi, mimi napitia mchoro mwishoni kuhakikisha kwamba kitu walichokichora kitaweza kutafuna, kulia na kufumba macho. Wachoraji hawanipendi, nami sijawahi kukosa usingizi kwa sababu hiyo.

Ukoo wa Materu walitoka Machame, wamejaa gari zima kwa ajili ya mimba moja. Aliyewaongoza aliitwa Aikaeli, ingawa kila mtu alimwita Shangazi, hata mkurugenzi wetu aliyemzidi umri. Mdogo wake, Aminieli, ndiye baba wa mtoto: mwanamume mnene, mpole, aliyemtazama dada yake kwanza hata alipoulizwa kama atakunywa chai. Mwenye tumbo alikuwa mke wa Aminieli, jina lake Ndeshi. Alikaa mwisho wa kochi amejitanda mtandio, akila karanga moja moja, na nilipomsalimia alijibu huku anatafuna. Nikamweka kwenye kundi la wale wanaobeba mimba za watu.

Kwao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Hilo halina ubaya, sisi Wapare tunayo ya kwetu. Ila tangu ipitishwe sheria ya urithi wa sura, jina peke yake limeonekana ni kitu cha maskini. Siku hizi uso wa marehemu hurithiwa kama shamba. Aliyeandikwa mrithi ndiye mwenye kauli: nani auvae, nani asiuvae, na kazi ikishaanza tumboni, iendelee au isimame. Mama mwenye tumbo hana kauli yoyote, kwa sababu uso si mali yake, yeye ni mahali unapotengenezewa. Waliotunga sheria hiyo walikuwa na mama zao, nadhani.

Mrithi wa uso wa Mzee Anaeli Materu alikuwa Shangazi, naye alileta picha. Ilikuwa ile iliyotangulia jeneza siku ya mazishi, ile ile waliyoichapa kwenye fulana, na vijana wawili wa ukoo walikuwa wamezivaa siku hiyo. Mzee alikuwa ametazama kamera huku mdomo umevutwa kwenda kulia, jicho moja kali, jingine limelegea, kama mtu aliyesikia upuuzi na anasubiri usemwe tena.

"Msibadilishe kitu," Shangazi alisema. "Baba alikuwa anacheka upande, hivyo hivyo mnavyoona. Akikutazama namna hiyo kwenye kikao, unasahau ulichokuja kudai."

"Alikuwa anatudharau wote," Aminieli alisema, na machozi yakamlengalenga.

Nilimpenda yule mzee palepale.

*

Nilikuwa Mwanza kwenye mafunzo mchoro ulipokamilika. Shangazi hakutaka kusubiri, na mkurugenzi wetu, Daktari Kweka, ni mtu asiyeweza kumwambia mteja mwenye gari kubwa asubiri. Mchoro ukapita bila mimi. Niliporudi, kazi ilikuwa imeshaanza tumboni mwa Ndeshi, nikaambiwa niweke saini tu ili mafaili yakae sawa. Badala ya kuweka saini nikawasha kioo cha uchunguzi nitazame.

Inabidi nieleze kinachofanyika mle ndani, maana hata watu waliosoma hudhani uso wa mtoto hufinyangwa mzima mzima kama chapati. Uso hujengwa na makundi mawili ya seli yasiyotoka nyumba moja. Kundi la kwanza huzaliwa mgongoni, pale mrija utakaokuwa ubongo unapojifunga. Sisi tunaziita seli za ukingo. Zikishazaliwa hazikai kwao. Hushuka kwa mikondo, kila mkondo na njia yake, mpaka kwenye matao, yaani yale matuta madogo yaliyojipanga pande zote mbili chini ya kichwa. Kwa samaki matao hayo huishia kuwa matamvua ya kupumulia. Kwetu tao la kwanza hutoa taya, la pili hutoa misuli yote ya kucheka na kununa pamoja na sehemu ya sikio, na yanayofuata hutoa koo. Seli za ukingo ndizo zinazokuwa mifupa ya uso, na kano, na ule utando unaofunga nyama kwenye mfupa.

Misuli yenyewe hutoka kwingine, kwenye tabaka la kati, tabaka lile lile linalotoa mfupa wa kisogo. Seli zake huingia katikati ya tao, zikazungukwa na zile za ukingo, halafu zinatulia. Msuli haujui unakokwenda. Lazima uambiwe na seli za ukingo: pita hapa, gawanyika hapa, kamata mfupa huu. Zamani wataalamu walichukua seli za ukingo za kware wakazipandikiza kwenye kiinitete cha bata, na misuli ya bata ikajipanga kwa mdomo wa kware bila kuuliza swali. Nina ndugu wa namna hiyo.

Kituo chetu kinaishi kwa udhaifu huo. Tunapitisha kwenye kitovu vitu vidogo kuliko seli, ambavyo husimama kwenye njia za mikondo na kuamuru: ninyi huku, ninyi kule, ninyi bakini. Tumeviita manyapara, kwa kuwa havijengi chochote vyenyewe; amri hupewa na mashine inayosoma mchoro na picha. Ukiongoza seli za ukingo umeongoza mifupa, na misuli itafuata.

Kwenye kioo, upande wa kulia wa mtoto wa Ndeshi ulikuwa safi. Upande wa kushoto, tao la pili lilikuwa karibu tupu. Manyapara walikuwa wamefunga ile njia kabisa na kuugeuzia mkondo wote kwenye tao la kwanza. Seli za msuli zilikuwa zimeshafika mle na kujikusanya katikati, kama wageni waliofika harusini wakakuta ukumbi umefungwa. Wakikaa hivyo bila wa kuwapokea, watakufa.

Nikaichukua ile picha ya mazishi, nikaitazama kwa mara ya kwanza kama daktari. Mikunjo ya paji la uso ilianzia kulia na kukatika katikati, kushoto paji lilikuwa laini kama la mtoto. Kope ya chini ya jicho la kushoto ilikuwa imeshuka. Mfereji unaotoka puani kwenda mdomoni haukuwepo kabisa upande huo. Mzee hakuwa anacheka. Mshipa wa neva wa upande wa kushoto ulikuwa umekufa, na upande wa kulia ulikuwa unavuta peke yake, kila siku, mpaka alipozikwa.

*

"Mashine imefuata picha," Daktari Kweka alisema.

"Mashine imeambiwa upogo ule ni maumbile yake. Imetafuta namna ya kupata mdomo wa upande juu ya mifupa iliyonyooka, ikaiona njia moja tu: kuua misuli ya upande mzima. Mtoto hatafumba jicho la kushoto. Litakauka, halafu litaharibika. Sikio la upande huo nalo halitasikia vizuri."

Kweka aligeuza kiti chake kidogo kushoto, kidogo kulia. Ana kawaida ya kufanya hivyo anapotafuta neno la kuficha kitu.

"Kwenye huduma za baada ya kuzaliwa tunaweza kuongeza matone ya macho," alisema.

Nimefanya kazi chini ya mtu huyu miaka mingi, na kila ninapodhani nimefika chini kabisa ya akili yake, hunionyesha kwamba kuna ngazi nyingine.

"Njia ya mkondo wa kushoto itafunguka ukiwaamuru manyapara waachie," nilisema. "Leo bado inawezekana. Kesho seli zitakuwa zimeshatulia kule zilikopelekwa, na za msuli zitakuwa zimekufa."

"Wakiachia, uso wa mzee unabaki?"

"Haubaki. Hakuna muda wa kuchora upya. Mtoto atatoka na uso wake mwenyewe."

"Wa nani?"

"Wake, Daktari. Kama wako ulivyokuwa wako, Mungu atusaidie."

Hakuudhika. Watu wa aina yake hawaudhiki, wanakumbuka tu. Alisema mwenye kauli ni mrithi. Nikawaeleze, mrithi akisema tuachie, tutaachia. Akisema tuendelee, tunaendelea, na nikigusa amri ile bila kauli ya mrithi ninajua leseni yangu itaishia wapi.

*

Tuliwaita mchana ule ule. Nikawaeleza kila kitu kwa Kiswahili chepesi, kama ninavyomweleza mtu aliyekuja kununua redio. Nilikuwa nimejiandaa kuona nyuso zikibadilika. Nilidhani Shangazi atashika mdomo, Aminieli atalia tena, kisha watasema asante Daktari, achia haraka.

Shangazi hakushtuka hata kidogo.

"Tunajua," alisema. "Mama alitusimulia. Baba alisafiri juu ya lori usiku kucha, upepo ukampiga uso, akaamka mdomo umekwenda upande. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni."

"Mlijua kwamba ni ugonjwa, na mkaagiza?"

"Daktari, wewe unaona ugonjwa. Sisi ndiyo sura tuliyoikuta." Aliongea bila hasira, kwa ile sauti ya mtu anayemfundisha mgeni njia ya kwenda sokoni. "Ukoo wetu una watu wakorofi. Kihamba chetu, hilo shamba la nyumbani alikozikwa baba, binamu na wadogo zake baba wote wanalitolea macho. Enzi zake hakuna aliyenyanyua mdomo. Alikuwa anawatazama tu. Tangu tumemzika, wanakuja uani wanapima kwa hatua mbele yetu. Huyu," na alimwonyesha Aminieli kwa kidevu, "akiwaambia watoke, wanamuuliza kama ameshakula."

Aminieli alitazama viatu vyake. Sikuweza hata kumdharau vizuri, kazi hiyo ilikuwa imeshafanywa na ndugu zake wenyewe.

"Kwa hiyo mnataka mtoto mchanga awatishie wazee wa ukoo," nilisema.

"Atakua. Na siku atakayokaa kwenye kiti cha baba yangu, akawatazama, watajua wako mbele ya nani."

"Atakuwa na jicho moja la kuwatazamia."

"Baba alikuwa na moja zuri. Lilitosha."

Nilikuwa nimeshamjibu mara tatu kichwani, kila jibu baya kuliko lingine, ndipo Ndeshi alipofunga kimfuko chake cha karanga.

"Atanyonya?" aliuliza.

Wote tuligeuka. Nadhani hata mume wake alikuwa amesahau kwamba yumo chumbani.

"Kwa shida," nilimwambia. "Kunyonya kunataka midomo ishike pande zote. Yake itashika upande mmoja, maziwa yatakuwa yanamvuja. Na akicheka..." Nikasita, kwa sababu nilikuwa nimeona mbele kidogo kuliko nilivyopenda. "Akicheka, watu watadhani anawadharau."

"Yapo maziwa ya chupa," Shangazi alisema. "Daktari, endeleeni. Kauli yangu ni hiyo."

Kweka akashusha pumzi. Ndeshi akafungua tena kimfuko chake. Nikasema moyoni, ona, huyu ndiye mama, swali lake limeishia kwenye titi. Niliondoka chumbani bila kuwaaga.

*

Jioni Ndeshi aliletwa kwangu kwa kipimo cha mwisho kabla kazi haijafungwa. Alilala kitandani, nikampaka mafuta tumboni, nikaweka kipimo. Tao la kushoto lilikuwa bado tupu, ila seli za msuli zilikuwa hai, zimebanana katikati. Nilimweleza hivyo kwa ukavu, nikitazama kioo.

"Manyapara wanamsikiliza nani?" aliuliza.

"Wanasikiliza mashine hii."

"Na mashine?"

"Mimi. Lakini kisheria kauli ni ya wifi yako, umeisikia."

"Nimeisikia. Nauliza mkono ni wa nani."

Nikajishughulisha kufuta mafuta ambayo hayakuwa yamemwagika. Amri ya kuachia ilikuwa pale pale kwenye kioo, chini kulia, ya rangi ya kijivu, nami nilikuwa nimeikwepa kwa macho tangu aingie. Nikamwambia kwamba haiwezekani. Nikamtajia sheria, leseni, kesi, na jinsi kituo kitakavyonikana mbele ya hakimu. Nilizungumza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajiinua, akaegemea kiwiko.

"Daktari, siku ya kwanza tulipoingia hapa ulitutazama kama kitu ulichokikanyaga barabarani. Mume wangu alinuna njia nzima. Mimi nilifurahi."

"Kwa nini ufurahi?"

"Nilisema, afadhali tumepata huyu. Mtu anayedharau watu namna hii hawezi kuwa anawaogopa." Alinitazama usoni, taratibu, kuanzia paji mpaka kidevu, kama ninavyowatazama wao. "Kumbe unaogopa vilevile kama Aminieli. Tofauti yenu ni mdomo."

Nimetukanwa na maprofesa, nimetukanwa na wateja waliolipa na wasiolipa, na sijawahi kuhisi kitu. Maneno ya yule mla karanga yaliniingia nikahisi masikio yanawaka moto. Nilitafuta la kumjibu, nikakuta kila nililo nalo ni la kumcheka, na hakukuwa na kitu cha kucheka.

"Mimi nikifanya hivyo nitanyang'anywa leseni," nilisema, kwa sauti niliyoichukia.

"Mimi nitanyang'anywa nyumba. Wifi hatanisamehe, na huyo mume umemwona. Nitarudi kwa mama na mtoto mgongoni." Akalala tena chali, akavuta nguo vizuri kifuani. "Nimeshayafikiria yote hayo wakati mnaongea. Wewe ulidhani nafanya nini?"

"Ulikuwa unakula karanga," nilisema.

"Nilikuwa na njaa pia."

Nikabonyeza.

Seli haziendi mbio. Ungetazama kwa jicho ungedhani zimelala. Lakini mashine huonyesha kila moja imeelekea wapi, kwa mistari midogo, na mistari ile ilikaa kimya kwa muda, imeelekezwa yote juu, kule ilikosukumwa. Manyapara waliachia, wakaanza kuchukuliwa na damu. Mstari mmoja ukayumba. Halafu wa pembeni yake. Halafu ukingo mzima wa mkondo ukageuka kushuka kushoto, kwenye njia ambayo hakuna mtu aliyeichora, seli zikisukumana, na za mbele kabisa zikafika kwenye mlango wa tao la pili zikaanza kulizunguka lile bonge la msuli. Hakuna aliyeziambia wapi pa kwenda. Nimeijua sayansi hiyo maisha yangu yote ya kazi, nimeifundisha, na sikuwahi kuiona ikifanyika bila sisi kuiingilia. Nilimgeuzia Ndeshi kioo. Alitazama kwa makini, mdomo wazi kidogo.

"Kila kitu kitakuwa sawa?" aliuliza.

"Sijui. Tumezichelewesha seli. Huenda upande huo ukawa mdogo kidogo kuliko mwingine. Nadhani jicho litafumba."

"Na sura?"

"Sijui kabisa. Anaweza kuwa na pua ya kwenu."

"Kwetu tuna pua mbaya," alisema, na akacheka, uso wote, pande zote mbili.

Bado anacheka, mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Shangazi aliingia amebeba kitenge kipya cha kumfunikia wifi yake, Kweka nyuma yake. Hakututazama. Alikwenda moja kwa moja kitandani akaweka kiganja juu ya tumbo, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba yule mwanamke alikuwa amefiwa, kwamba hakuna aliyempa muda wa kulia, na kwamba sauti yake inaweza kuwa ya mtoto.

"Baba yangu anaendeleaje?" aliliuliza lile tumbo.

Ndeshi aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaubeba taratibu, akamrudishia mwenyewe.

"Baba yako tulimzika, wifi," alisema. "Humu kuna mtoto."

Shangazi akatazama kioo. Hakuhitaji kujua kusoma mistari ile. Kweka nyuma yake alikuwa ameshaisoma, na alikuwa ameshika fremu ya mlango. Shangazi akanigeukia mimi, macho yamejaa maji, amesimama wima.

"Nani amekupa ruhusa?"

Nilisubiri lije lile neno langu kali, lile ambalo huwa linakuja lenyewe kabla hata sijalihitaji. Halikuja, nami sikulitafuta.

"Mama yake," nilisema.